Kahawa ya Kuwaonjea Wakwe

Jamani, chekeni taratibu, maana mpaka leo nikiona kikombe cha kahawa masikio yananiwaka moto.

Wazazi wetu walituacha vita vilipoanza, nami nikaacha shule ili mdogo wangu Goreth asiache ya kwake. Kwa hiyo watu wa mchumba wake walipotuma habari kwamba wanakuja kumposa, mimi ndiye niliyekuwa baba, mama na mjomba. Baba wa mchumba alikuwa mlokole, bia hagusi, ila kahawa aliipenda kupita kiasi. Sasa sisi kahawa tunaijua shambani tu (kwa babu tuliichuma tangu utotoni na kuiuza yote, kinywani halikufika hata tone). Mwenye akili angemuuliza jirani ipi ni nzuri. Mimi nikaamua kujionjea mwenyewe.

Nikanunua ya pakiti ya dukani, ya kopo iliyovuka mpaka wa Gatumba, na ya kusagwa ya soko la Mutakura. Siku yenyewe asubuhi nikazipika zote, nikamketisha Goreth tuonje. Ya pakiti ilinukia vizuri lakini chungu kama kwinini. Ya kopo ilinuka kopo. Ya soko ilikuwa nzito, machicha tele. Tukabishana, tukarudia, tukabishana tena, na kumwaga ni dhambi.

“Yaya, moyo unanipiga mbio,” Goreth akasema; ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake.

“Ni furaha ya bibi harusi. Kunywa.”

Wageni wakafika mchana, mapema, kwa kuogopa kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje usiku. Goreth akaingia na sinia ya kahawa iliyobaki, vikombe vinagongana kama meno ya mgonjwa wa malaria. Na kwetu mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya mgeni, ionekane hakuna sumu. Miaka ile ya vita, nani angeiruka desturi hiyo? Nikainua kikombe. Mkono ukakataa. Nikakishika kwa mikono miwili, kahawa ikaruka juu ya shati la kuazima, na shangazi wa mchumba akaweka chake chini.

“Kaka, usikunywe,” akamwambia mzee, baba wa mchumba. “Huyu anaogopa kahawa yake mwenyewe.”

“Apana, mama! Nimeikunywa tangu asubuhi!”

“Tangu asubuhi? Ndiyo maana unatetemeka hivyo?”

Kila neno langu lilizidi kuniharibia! Nikanywa changu, nikanywa cha mzee, nikanywa na cha shangazi, ili waone. Kiti kikaanza kulia chini yangu. Goreth naye akalia, lakini yeye kwa machozi. Miaka yote nimemlinda msichana huyu, halafu nije kumvunjia ndoa kwa kahawa?

Mzee akainuka, akachungulia jikoni, akaziona sufuria tatu tupu.

“Zote hizi mulikunywa nyinyi wawili?”

“Tulikuwa tunatafuta itakayokupendeza, mzee.”

Akacheka mpaka akashika ukuta. “Mutu anayejitesa hivi kwa ajili ya mugeni! Tutaoa hapa hapa. Ila mi, muniletee maji.”

Goreth aliolewa. Mimi niliapa: mgeni kwangu ni chai, basi. Lakini nikienda kwao, shemeji huionja kwanza chai yangu, mkono akiutetemesha makusudi, na anayecheka wa kwanza ni yule shangazi.