Besi ya Kwaya ya Lalago

Ikwalaiza, kile kifaa cha kupanga sauti za redio, niliinunua ikiwa imetumika, kwa fundi redio wa hapa Bariadi, baada ya kuuza pamba. Sebule yetu ina sakafu ya saruji na haina dari, kwa hiyo spika zilikuwa zinavuma mpaka mabati yanatetemeka. Fundi alinionyesha vile vishikio vya kusogeza juu na chini: vya kushoto ni vya besi, vya katikati vinabeba sehemu kubwa ya sauti za watu, vya kulia ni vya sauti kali. Akanionya nisiwe na pupa ya kupandisha ninachokipenda. Kwanza nishushe kinachonikera.

Kilichokuwa kinanikera nilikijua.

Mke wangu ana flashi yenye nyimbo za kwaya aliyoimba kule Lalago kabla sijamuoa. Katika wimbo mmoja anajibizana na mwanaume wa besi. Huyo bwana ndiye aliyemposa kabla yangu. Ng'ombe wa kwao hawakutosha, wa kwetu wakatosha. Siku hizi ana mke na watoto wake, na mimi sijawahi hata kumsikia akiongea. Lakini kila Jumapili tukitoka kanisani alikuwa anaingia sebuleni kwangu, anaimba taratibu kama mtu aliyeshiba, na mke wangu anaacha kuchambua mchele ili amsikilize. Nilikuwa naona wivu. Mimi kanisani huwa nafungua mdomo tu.

Jumapili moja mke wangu alipokwenda sokoni nikaanza kazi. Nilishusha vishikio vya kushoto kimoja kimoja. Spika zikaacha kuvuma, na maneno ya wimbo yakasikika vizuri kuliko siku zote. Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo. Lakini bwana yule bado alikuwepo, ingawa amepungua, nami nikasogea katikati kumfuata. Hapo mke wangu naye akaanza kufifia, nikarudisha kishikio haraka. Nikahangaika hivyo, namfukuza yeye bila kumgusa mke wangu, mpaka besi ikabaki kama mtu anayeongea nyumba ya tatu. Nilifurahi sana, sina haja ya kuficha.

Mke wangu aliporudi nikamwekea wimbo. Alikuwa amekaa na ungo wake, akasikiliza.

"Imekuwa safi, baba," akasema. "Sasa sauti yangu naisikia."

Nikamwambia ndiyo kazi ya ikwalaiza, nikajiegemeza kwenye kochi kama mwenye nyumba. Akainamia mchele wake. Ilipofika zamu ya yule bwana, pakawa na pengo, ngoma tu na kinanda. Mke wangu akalijaza mwenyewe. Aliimba ile besi, chini kadiri koo lake lilivyoweza kwenda, huku vidole vinaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Hakukosea hata neno moja.