Mwalimu Aliyepima Ukingo wa Mto

Alhamisi mtoto wangu alirudi kutoka shule na karatasi iliyochanwa vipande viwili. Walikuwa wameambiwa wapime mzunguko wa kitu cha nyumbani. Yeye alipima jani la sukuma wiki: kwa rula akapata jibu moja, kwa uzi unaofuata kila kunjo akapata refu zaidi. Akaandika yote mawili. Mwalimu akachana, akamuuliza mbele ya darasa, "Nani amekudanganya? Mama yako?" Sasa msichana anasema hesabu ameacha. Hapo nikachoka kabisa.

Ndiyo, ni mimi. Na mimi pia kuna mtu alinifunza.

Nikiwa mdogo kule Kibirichia, nikitoka shule nilikuwa nachambua viazi na cucu, nyanya yangu, baridi ya mlima ikiuma masikio. Mwalimu wetu wa hesabu, kijana mwembamba, alipanga chumba kwetu. Cucu alimcheka: "Unajua hesabu ya dunia yote na ugali umekushinda!" Mwalimu alikuwa anasahau mukimo, vile viazi vya kupondwa, mpaka unapoa, anamega koliflawa ya cucu. Kipande kinafanana na koliflawa nzima, anakimega tena, bado kinafanana. "Ona, haiishi," ananiambia, macho yakimetameta.

Siku moja alitupeleka mtoni tupime ukingo, kwanza kwa fito ndefu, halafu fupi, halafu kamba. Kila kipimo kikipungua, ukingo unarefuka, kwa sababu sasa unaingia kila kona na kuzunguka kila jiwe. Shida ni kwamba ule mto ulikuwa mpaka wa shamba la jirani, mzee mmoja mkali. Kwetu ukionekana na kamba mpakani, watu wanajua unaiba shamba. Yule mzee akaja mbio na panga.

"Wewe mwalimu, nani amekutuma?"

"Hakuna, mzee. Napima ukingo tu," akasema. "Unazidi kurefuka."

"Kwa hivyo shamba langu limeongezeka?"

"Hapana. Shamba ni lile lile. Ukingo ndio hauishi."

Mzee akamwangalia sana. Akaweka panga chini, akanyakua kamba. Tulimwacha pale ameinama, anapima na kutukana mawe.

Mwalimu alihamishwa. Cucu alituacha. Mto wenyewe umejengewa mfereji wa simiti, umenyooka, hata ukiupima mara mia jibu ni lile lile. Lakini ile furaha ya mwalimu ninayo bado, na mtoto wangu alikuwa ameanza kuipata.

Ijumaa asubuhi nilipeleka barua kwa mwalimu mkuu hapa Kianjokoma, nikasimama hapo mpaka ikapigwa muhuri:

"Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa Gredi ya Tano. Nalalamika rasmi kwamba kazi ya mtoto wangu ilichanwa na akaaibishwa mbele ya wenzake. Majibu yake yote mawili ni sahihi. Aombwe msamaha mbele ya darasa lile lile. Jumatatu atakuja kusoma hesabu, na mimi nitakuja naye. Kiti kikikosekana, nitasimama."