Madame Aliyepewa Sifuri na Darasa la Sita

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya dada yangu, vilivyonibana vidole tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho. Ilikuwa shule ya msingi moja ya Bukavu, Kongo, nami nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, diploma yangu bado inanuka wino. Mkuu wa shule, padri mfupi mwenye sauti nene, alinipeleka mbele ya watoto hamsini na wanane, akanikabidhi kalamu nyekundu na kuniambia bila kushusha sauti, "Madame, hii kalamu iko ya mwalimu peke yake. Batoto bakikuogopa, bataandika muzuri." Watoto wote walisikia. Nadhani ndivyo alivyotaka.

Nawaandikia ninyi walimu vijana wa Rusizi, hapa Rwanda, mnaofundisha Kiingereza leo, kwa sababu kila tukikutana sokoni Kamembe mnaniuliza sisi wazee tulifanyaje kazi bila simu na bila mashine ya kuonyesha picha ukutani. Jibu langu ni fupi: tulikuwa na dikte. Walimu wa Kenya na Tanzania wanaiita imla, lakini kwetu ni dikte, na aliyeipitia hawezi kuisahau.

Dikte ilikuwa na utaratibu wake. Mwalimu husoma kifungu mara tatu. Mara ya kwanza watoto wanasikiliza, mikono juu ya meza. Mara ya pili anasoma polepole, wanaandika, naye anataja nukta na mikato. Mara ya tatu ni ya kuhakiki. Baada ya hapo daftari zinakusanywa na kalamu nyekundu inaanza kazi. Kwangu mimi kila kosa lilikula alama moja, makosa kumi yalikuwa sifuri, na sifuri niliisoma kwa sauti, nikianza na jina la mtoto. Mwenye sifuri alikwenda kusimama ukutani, nyuma ya darasa, hadi mapumziko.

Ugumu wa dikte ya Kifaransa uko kwenye maneno yanayosikika sawa. Chukua c'est, ces, ses na sait: yote sikioni ni "se" tu, na kila moja lina maana yake na kazi yake. Kwa hiyo tulifundishwa jaribio la kubadilisha. Ukishindwa kujua ni neno lipi, litoe kwenye sentensi, weka mahali pake jingine lenye kazi ileile ambalo halina mwenzake wa kufanana naye, kisha uone kama sentensi bado imesimama. Mtoto aliyelishika jaribio hilo hakubahatisha tena. Nilikuwa hodari wa kulifundisha, nasema bila haya. Nilikuwa pia mkali kupita kiasi, na hilo nalisema kwa haya.

Baadaye tulirudi Rwanda, kwetu, walikotoka wazazi wangu, mahali ambapo mimi sikuwahi kuishi. Kituo changu cha kwanza upande huu wa daraja la mpakani kilikuwa sekta ya Butare, hii yetu ya milimani, wala si ule mji wa kusini. Mwalimu Mkuu wa pale alikuwa mtu wa shamba kweli kweli. Wakati wa kupanda maharage alianza mikutano ya walimu kwa kuuliza habari za mvua, na kama mvua ilikuwa nzuri, mkutano uliisha hapo hapo. Nilikaa naye miaka mitano, nikapelekwa Giheke, na huko nikapewa darasa la sita. Mnajua maana yake. Darasa la sita ndilo linalofanya mtihani wa taifa, na mwalimu wake anapopita njiani wazazi wanavua kofia.

Nilikuwa nimeizoea heshima hiyo pale lugha ya kufundishia ilipobadilishwa kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa salamu mbili na nusu ya wimbo wa kanisani. Tukaletewa Mshauri wa lugha, mwalimu kijana kutoka Kenya, mashati yake yamenyooshwa kwa pasi hata siku za mvua. Tulielewana kwa Kiswahili, yeye cha kwake na mimi cha kwangu. Siku ya kwanza alitukalisha walimu wote kwenye madawati ya watoto, akatusomea mistari kumi na miwili ya Kiingereza tuandike. Nilipata makosa ishirini na matatu. Mistari kumi na miwili!

Kesho yake Directrice, mkuu wetu wa shule, mama mpole ambaye hakuwahi kupandisha sauti, aliniita ofisini.

"Madame," akasema, "darasa la sita haiko mahali pa mwalimu kujifunzia. Nakupatia trimestre mbili. Ku réunion ya bazazi nitasema nani anabakia na hii darasa. Ikishindikana, utaenda kufundisha ba-petit ku maternelle."

Sina neno baya na watoto wa chekechea. Lakini nilikwenda nyumbani nikalia, tena kwa sauti, hadi jirani akaja kuuliza nani amefariki. Nilimjibu kwamba ni mimi.

Basi kazi ya mihula miwili ikaanza. Mshauri hakuipenda dikte. "Mama, hiyo imla ni ya zamani," aliniambia. "Siku hizi watoto wanaimba, wanaigiza, wanaongea." Na kweli, kwa njia zake watoto wangu waliongea upesi kuliko nilivyotegemea. Tatizo lilikuja kwenye karatasi. Waliokuwa wamejifunza kwa sikio tu waliandika their palipotakiwa there, na here palipotakiwa hear. Mshauri alisahihisha, kesho makosa yakarudi yaleyale. Alikuwa anakuna kichwa mbele ya rundo la daftari nilipomuuliza kila neno linafanya kazi gani.

"Hili ni la mahali, pale," akasema. "Na hili ni la mali, ya kwao."

Nilipiga kofi mezani. "Kumbe ni 'se' ileile!"

Nikamweleza jaribio la kubadilisha, na siku hiyo sisi wawili hatukwenda kula. Tuliona kwamba mtoto akishindwa kati ya there na their, aweke our, yetu: sentensi ikisimama, basi ni their, ikianguka, ajaribu here, hapa, na hapo there itajitokeza yenyewe. Yeye akanionyesha kwamba ndani ya hear, kusikia, kumejificha ear, sikio. Kati ya by na buy, tuliweka sell, kuuza: mahali ambapo unaweza kuuza, unaweza pia kununua. Tuliandika jozi baada ya jozi katika daftari moja. Kitabu chake kilikuwa na jozi kama arobaini, lakini sisi tulihitaji zaidi, kwa sababu midomo yetu ya Kinyarwanda na Mashi, lugha ya upande wa Bukavu, haitofautishi l na r. Rice ni mchele na lice ni chawa. Mtoto mmoja alimwambia Mshauri, kwa heshima zote, kwamba Krismasi kwao walipika chawa wengi na maharage. Mshauri alitoka nje, akacheka huko peke yake, akarudi na uso wa kazi.

Njia ilikuwa imepatikana, lakini mimi mwenyewe nilikuwa bado nyuma, na muhula wa kwanza ulikuwa unakwisha. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo yule padri wa Bukavu angenifukuzia kazi. Nilimwomba Mshauri asome dikte kila Alhamisi, nami niandike pamoja na watoto. Nilikaa benchi la mbele, katikati ya wasichana wawili. Tulipomaliza, kila mmoja alimpa jirani daftari lake alisahihishe.

"Nani anachukua ya Madame?" nikauliza.

Watoto waliinamia madawati. Mwishowe Furaha, msichana mwembamba ambaye baba yake hufanya biashara ya kuvuka mpaka, alinyoosha mikono yote miwili kama anapokea zawadi. Nikampa na kalamu nyekundu. Alisahihisha kwa kulinganisha na ubao, ulimi umetoka nje kidogo. Kisha akaninong'oneza, "Madame, ziko kumi na moja."

"Sema kwa nguvu, wote basikie. Na kumi na moja inaitwaje hapa?"

Alijificha uso kwa daftari. "Sifuri."

Sheria ilikuwa yangu, kwa hiyo nilinyanyuka nikaenda kusimama ukutani. Mmoja akakohoa kicheko, na baada yake wote, na mimi pamoja nao. Sijawahi kuona watoto wakifurahi hivyo. Lakini kicheko kiliisha, Mshauri akaendelea na somo, nami nikabaki pale. Kutoka ukutani unaona migongo tu. Hakuna anayekuuliza kitu. Zilibaki dakika ishirini kufika mapumziko, na kwa miaka yote ile sikujua kwamba dakika ishirini ni ndefu namna hiyo. Niliona aibu, si ya makosa yangu kumi na moja. Tangu Alhamisi hiyo hakuna mtoto niliyemsimamisha tena.

Wiki iliyofuata Papa Furaha alinisubiri mlangoni. Mtu mkubwa, koti la ngozi, vumbi la unga mikononi, ametoka mpakani Rusizi II moja kwa moja.

"Madame, ni kweli mutoto yangu alikupatia sifuri?"

"Ni kweli, Papa Furaha."

"Mwalimu gani anasahihishwa na batoto? Leta hiyo cahier, nione."

Nilimpa daftari langu. Alilifungua ukurasa kwa ukurasa, taratibu, akifuata wino mwekundu kwa kidole. Nilitegemea atacheka au atatukana. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alilifunga, akanirudishia, akasema, "Tutaonana ku réunion," akaondoka. Directrice alipopata habari alishika shavu. "Bazazi bakisimama juu yako, Madame, miye siwezi kukutetea," akaniambia, na nilijua anasema kweli.

Siku ya mkutano wa wazazi darasa lilijaa hadi madirishani. Nilikuwa nimeshashuka hadi makosa manne, Mshauri alikuwa ameandika ripoti nzuri, lakini ripoti haipigi kelele kama mzazi. Directrice alipouliza nani ana neno kuhusu darasa la sita, Papa Furaha alisimama.

"Hii Madame munaona hapa," akaanza, "alinifundisha Bukavu. Yeye hanikumbuki. Miye naitwa Deo. Nilikuwa ku mwisho, karibu ya ukuta, ili nisitembee mbali." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Sifuri zake sikuhesabu. Siku moja nilichoka, nikaacha masomo, nikaenda kubeba mizigo. Myaka yote nilisema, Mungu anisaidie siku moja nimupatie huyu mwanamuke sifuri. Kumbe mutoto yangu ndiye alimupatia."

Nilimtazama vizuri. Nilitafuta ule uso wa kitoto chini ya ndevu na sikuuona. Hilo liliniuma kuliko maneno yake yote.

"Nikamuambia Furaha, leo tunakula nyama! Mutoto akaanza kulia. Akaniambia, 'Papa, usimucheke. Tunamungoja kidogo, atafika tu.' Darasa nzima banamungoja." Akapangusa uso kwa kiganja. "Miye, hakuna muntu aliningoja. Basi batoto bangu, naomba bakae kwa mwalimu mwenye kujua vile inauma. Mumuache na darasa yake."

Akakaa. Nilisimama mimi. Sikuwa nimetayarisha hotuba. Nilimwomba Deo msamaha mbele ya wazazi wote, mbele ya Directrice na Mshauri, na machozi yalinitoka bila kuomba ruhusa.

"Pardon nimepokea," akajibu kutoka alipokaa. "Sasa nipatie nafasi ku banc. Kule mupaka banatupatia makaratasi ya Kiingereza, minatia sahihi kama kipofu."

Mkutano ukaisha kwa vicheko, na Directrice hakuwa na haja ya kutangaza kitu. Nilibaki na darasa la sita hadi nilipostaafu. Kila Alhamisi Papa Furaha alifika akiwa amenawa mikono, akakaa benchi la pili, goti moja nje kwa sababu halikutosha chini ya meza. Mwaka wa kwanza makosa yake yalikuwa mengi kuliko yangu, na alilalamika kama watoto wengine kwamba Mshauri anasoma haraka. Mwaka wa pili alinipita. Alinisahihisha yeye mwenyewe mara mbili, akizungushia kila kosa duara zuri la taratibu.

Sasa nina bustani ndogo ya mboga, kuku saba na muda mwingi wa kufikiri. Ninyi mna mashine zinazopigia mstari neno lililokosewa kabla mkono haujapoa, na sizionei wivu. Maneno yanayofanana kwa sauti yatafundishika tu, kwa mashine au kwa chaki, mwalimu akiwa na subira. Ninachofikiria mimi ni wale waliokaa kwenye madarasa yangu ya Bukavu miaka ile. Ni wengi, na wengine ni wazee sasa, wana mvi kama mimi. Nikikutana na mmoja darajani au sokoni Kamembe, akaniita "Madame" kwa sauti ile ya zamani, namuuliza jina lake, kisha namwomba msamaha kabla hata hatujamaliza salamu. Wengi hucheka na kusema wamesahau. Siwaamini, lakini nawashukuru.