Kaunta ya Mutarakwa Niliyomjengea Baba

Kaunta yenyewe ni nzuri, hilo hakuna mtu atanibishia. Ukija kwetu Kitengela, uingie kile kijumba kilicho kando ya geti, pitisha mkono juu ya mbao uone kama utapata mahali panapokwaruza. Viungo vimeshikana bila msumari hata mmoja. Vanishi nilipaka mara nne. Na kila nikiiangalia natamani kuchukua shoka. Mwaka umepita na hamu hiyo haijaniisha.

Nilimjengea baba. Baba hakuwahi kuiona ila kwenye picha, na sasa amelala kwetu magharibi, kando ya migomba yake. Majirani wamesikia nusu ya habari hii, ile nusu ya kijana aliyempenda babake hadi akamjengea baa, na wananisifu nikipita dukani. Wacha nieleze ile nusu nyingine.

Baba alikuwa seremala. Viti vya kanisa letu kule nyumbani ni vyake, na kaunta za vilabu vya pombe ya busaa pale sokoni ni zake pia, kwa randa ile ile, na hakuona neno. Pasta akimtania, alimjibu kwamba waumini ni wale wale, wanabadilisha tu mahali pa kuketi.

Nilipopata kazi Nairobi tulipanga nyumba Rongai, mimi na mke wangu, na baba alikuwa akija kututembelea analala sebuleni wiki nzima bila shida yoyote. Mke wangu alimtandikia kwenye kochi refu, na asubuhi wakaanza kurushiana maneno ya utani kuhusu chai yenye sukari kidogo. Walipendana hao wawili, hata mimi nilikuwa naona wivu. Halafu tukanunua ploti Kitengela, tukajenga, tukahama.

Siku ya kwanza kuja kwenye nyumba mpya, baba aliingia na jogoo kwapani. Alizunguka vyumba vyote akigonga milango na kuchungulia bawaba. Akala, akashiba, akatuombea maombi marefu. Ilipofika saa kumi akasimama akavaa koti.

"Baba, wapi tena?" nikamuuliza.

"Embulbul, kwa binamu yako. Nitalala huko."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na shuka safi mikononi. Nilidhani tumemkosea.

"Hakuna aliyenikosea," baba akasema. "Kule Rongai nyumba ilikuwa ya mwenye ploti. Nilikuwa mgeni wa mtu nisiyemjua. Hii umejenga wewe. Paa ni lako, na chini ya hilo paa kuna mkwe wangu. Nikilala hapa, wenzangu nyumbani nitawaambia nini?"

Kwetu ndivyo ilivyo. Mzee halali chini ya paa moja na mke wa mwanawe. Nyumba ya kukodi watu huisamehe, maana si boma la mtu, lakini ukishajenga, umejenga. Nilimwambia hayo ni mambo ya zamani, kwani tuko karne gani? Akacheka. Akasema karne ni yangu, heshima ni yake. Tukamsindikiza hadi steji.

Basi tukazoea hivyo. Anakula kwetu, analala Embulbul. Mpaka tumbo lilipoanza kumsumbua, akaletwa Nairobi, na daktari akapata uvimbe. Alisema atawekewa dawa kwa mshipa kila baada ya wiki tatu, kwa miezi kadhaa, na ni lazima akae karibu, maana safari ndefu baada ya dawa ingemmaliza. Binamu yangu naye alikuwa amepata kazi mbali, Ewuaso Kedong, amehama Embulbul na familia yake yote. Gesti baba hakutaka hata kuisikia. Tukabaki tumeketi kwenye veranda, yeye, mke wangu na mimi, tunaangalia geti.

"Nitakujengea chumba pale," nikasema. "Paa lake, mlango wake."

"Chumba cha getini ni cha askari," akajibu. "Mimi ni askari wako?" Kisha uso wake ukafunguka, kile kicheko chake cha sokoni kikatoka. "Labda ujenge baa! Mtu akilala baa, nani atauliza alilala kwa nani?"

Tulicheka hadi mke wangu akajifuta macho kwa leso. Lakini mzee alikuwa amefungua mlango mwenyewe, na mimi sikungoja aufunge. Nikamwambia, sawa, baa itajengwa. Akasema akiona kaunta pale ndani atalala bila neno. Akarudi nyumbani kungoja. Hospitali walimpa tarehe ya kuanza dawa baada ya wiki tano.

Wiki tano zilitosha. Nataka hilo lieleweke. Fundi wa mawe na wenzake walisimamisha kuta na kupiga mabati kabla wiki ya pili haijaisha. Chumba cha futi saba kwa saba. Kitanda kingekaa upande wa dirisha, kaunta ya futi nne karibu na mlango, stuli mbili, basi. Kaunta ya kutimiza neno tu. Jamani, hapo ndipo ningeachia!

Nilinunua mbao za saiprasi barabara ya Namanga, zikiwa bado mbichi, na upepo wa Kitengela ukazikunja kwa siku nne. Mtu mwingine angepiga msumari aendelee na maisha yake. Mimi nikaona jicho la baba. Nilipokuwa shule ya msingi nilikuwa namtengenezea vistuli, na yeye anashika kila kimoja kwa mkono mmoja, anakitingisha mara moja, kinaachana, ananirudishia vipande bila kusema kitu. Nina miaka arobaini na zaidi, niko na watoto, na bado nilikuwa naogopa ule mkono.

Nikatupa saiprasi, nikaenda Kajiado. Nilikuwa nimeambiwa kuna mama anauza nguzo za mutarakwa, ule mti mgumu usioliwa na mchwa, zilizotolewa kwenye boma kuukuu la ng'ombe, mbao zilizokauka juani miaka na miaka.

"Supa," akanisalimu.

"Ipa," nikajibu, na Kimaasai changu kikaishia hapo.

Akaniuliza kama najengea ng'ombe. Nikamwambia hapana, ni baa ya baba yangu, ni mgonjwa, anakuja kwa matibabu. Aliita majirani zake waje wasikie.

"Mgonjwa unampea baa? Si umpee kitanda na maziwa!"

Wakacheka sana, na mimi nikacheka nao, lakini nilikuwa nimekasirika. Nilisema moyoni, hawa wanajua nini kuhusu baba yangu. Nikapakia nguzo zangu nikaondoka.

Zilipopasuliwa, ndani zilikuwa nyekundu, na harufu yake ikajaa ploti nzima. Sitadanganya, zilinilevya. Kaunta ya futi nne ikawa ya sita, kwa sababu kukata ubao kama ule ilikuwa dhambi. Kisha nikaamua ikunje kona, kwa sababu seremala anajulikana kwenye kona, na nilitaka baba akifika aitafute kona kwanza. Kaunta ya kona inataka rafu nyuma yake. Nikaweka rafu. Nilichukua likizo yangu yote ya mwaka nikaimalizia mle ndani, patasi mkononi, vumbi hadi kwenye kope.

Mke wangu alivumilia, halafu akachoka kuvumilia.

"Baba Watoto, mzee anahitaji kulala. Ingiza kitanda, akuje. Kaunta utamalizia akiwa hapa."

"Na akiipata imefika nusu?"

"Ataipata nusu! Ni mgonjwa, si inspekta."

"Vanishi ina harufu. Kitanda kitaingia ikikauka."

Alinitazama, akaingia ndani na kufunga mlango wa jikoni. Siku mbili nilijipakulia chakula mwenyewe.

Baba mwenyewe alinipigia simu, wiki ya nne. Sauti ilikuwa chini, lakini nilisema ni mtandao. Akauliza kazi imefika wapi, nikamweleza kuhusu kona, nikaona kama amependezwa. Kisha akasema, "Kijana yangu, mimi naweza kuja hivyo hivyo. Nikuje nikushikie msasa."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani hadi nimejua pumzi iliyo katikati yake. Mtu aliyefanya useremala miaka hamsini, aliyenibomolea vistuli vyote, anaomba kunishikia msasa. Aliniomba. Na mimi nikamjibu, "Ngoja, baba. Wiki mbili tu. Nataka uikute imeisha."

"Haya," akasema.

Siku iliyofuata niliwapigia watu wa hospitali nikawaomba wamsogezee tarehe. Hawakuniuliza sana, wakaisogeza kwa wiki tatu. Hakuna mtu mwingine wa kulaumiwa. Si hospitali, si barabara, si umaskini, si mila. Mila ilikuwa imeridhika na kaunta ya futi nne. Nilisogeza tarehe ya dawa ya baba yangu ili vanishi ikauke.

Na haikukauka vizuri, kwa sababu ni Kitengela. Lori likipita, vumbi linatua juu ya kaunta nzima, na unapiga msasa upya, unapaka upya. Niko kwenye mkono wa nne, nafurahi kwamba safari hii imetulia, simu ikalia. Ilikuwa mama, kutoka nyumbani.

"Baba yako haamki tena kitandani," akasema. "Hataki chakula. Kuja."

Nilipiga kaunta picha nyingi kabla ya kuondoka. Hata siku hiyo. Nilisimama mlangoni nikapiga, nikapanda kwenye stuli nikapiga, nikainama nikapiga kona. Nilijiambia zitampa nguvu.

Nilimkuta saa sita mchana kwenye chumba chake, dirisha wazi, mama amekaa kando yake na uji uliopoa. Alikuwa amekwisha. Mtu aliyebeba benchi la kanisa peke yake, bega lilikuwa mfupa na ngozi. Nikaketi pembeni ya kitanda nikaanza kusema ovyo, kwamba nimekuja kumchukua, gari ninalo, tutaenda polepole, chumba kiko tayari. Alisubiri nimalize.

"Nionyeshe," akasema.

Nikatoa simu. Mama akamwinua kwa mto. Alishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho vile wazee hufanya, akaangalia ile picha ya kona muda mrefu. Alipitisha kidole gumba juu ya kioo, pale mbao mbili zinapokutana, kama anayesikiliza kwa kidole. Picha zikaruka, nikamrudishia.

"Hii umekata wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Bila msumari?"

"Bila."

Akatikisa kichwa. "Imeshika," akasema. "Hii hata mimi sitingishi."

Maisha yangu yote nilikuwa nimengoja neno hilo, na nililipata, na sikuweza kulifurahia hata kwa muda wa kumeza mate, kwa sababu alikuwa bado anaangalia. Alienda picha ya pili, ile niliyopiga nikiwa juu ya stuli, inayoonyesha chumba kizima. Akaitazama upande huu, akaitazama upande ule. Alikuwa anapima. Hata akiwa anakufa, alikuwa anapima.

"Na kitanda?" akauliza. "Kitanda kinakaa wapi?"

Nikaangalia picha. Futi sita za kaunta, kona, futi nne nyingine hadi dirishani, rafu nyuma, nafasi ya mtu kusimama katikati, na mbele yake stuli na mlango unaofungukia ndani. Nilikuwa nimeingia na kutoka humo ndani wiki saba. Hapakuwa na mahali pa kitanda. Hata godoro la mtoto lisingeingia.

Mama alinitazama. Baba alikuwa ananingoja, hana hasira, anataka tu kujua.

"Kiko upande huu wa mlango, baba," nikasema. "Hakijaingia kwenye picha."

"Ah," akasema. Akanirudishia simu, akalaza kichwa. "Basi sawa. Wacha nipate nguvu kidogo, nitakuja nilale."