Coupe-coupe ku Mashu ya Mapadri

Masomo niliacha katikati, lakini mashu ya mapadri, yale makabichi yabo, nilimwangilia maji mpaka ikakomaa. Ku masomo yetu ya Élisabethville sheria ilikuwa hivi: ukifanya faute, ni kusema kosa, ku mupira, Padri mwenye filimbi anakutuma ku robine, unapeleka ndoo ya maji ku jardin yabo, ku ile mashu.

Mie nilikuwa arrière, mulinzi wa nyuma. Tulikuwa tunacheza miguu mitupu, na mie nilijua njia moja tu: kujitupa chini na kupitisha muguu sawa vile unakata majani na coupe-coupe, ile panga. Mupira, muntu, yote inaanguka. Bantu banapiga kelele: "Coupe-coupe! Coupe-coupe!" Najiona mufalme.

Siku moja Padri akasema: kuangusha muntu kwa nyuma, imekwisha. Mwenye kuangusha, anatoka.

Na ile posho, ile juma moja, kukaingia mwanafunzi mupya, wa Mitwaba, baba yake anatumika ku chemin de fer, ku treni. Ye hakukuwa anaanguka. Anakimbia pembeni yako, anakugusa bega kidogo, anangoja mupira iachane na muguu yako, kiisha anaiweka chini ya yake. Pole pole, kama muntu anaokota kofia yake.

"Muangalie ye!" Padri anasema. "Ile njo arrière!"

Kaptula yake inarudi safi. Hata mama, mwenye kufua yangu, alianza kumusifu. Ile iliniuma kabisa.

Siku ya Mungu, kiisha misa, tukapambana na timu ya masomo ingine. Ye ndani, mie inje, remplaçant, nangoja muntu atoke niingie, naomba Bikira Maria amupatie faute moja, hata kadogo. Faute haikukuja. Lakini alikanyaga mubaya, muguu ikavimba. Padri akaniita: "Ingia. Na usimame!"

Nikaingia na roho ya furaha. Avant-centre yabo, mufungaji wa magoli, akanipita. Kichwa inasema: simama. Muguu ilishaenda. Penalty, goli, tukashindwa, na mie inje.

Kesho yake, niko ku mashu, nusu ya maji imeniangukia ku miguu. Namuona anakuja, anachechemea, na ndoo ku kichwa.

"Yaya," anasema, sawa vile unaita mukubwa wako, "nikusaidie."

"We! Na ule muguu?"

"Muguu njo inauma, yaya. Kichwa iko muzima."

Akapita mbele yangu. Hakuna hata tone moja ilimwangika. Padri, ku dirisha, anatikisa kichwa kwa kumusifu.

Kumbe hata ku mashu, mie njo nilikuwa remplaçant.