Mama Winchi, dereva aliyekataa kugusa usukani bila kibali

Jua limeshachomoza na foleni imejipanga kutoka kwenye mzunguko hadi mbele ya kituo cha mafuta. Lori la saruji limetumbukiza matairi ya nyuma mtaroni, pua juu, na dereva wake ameketi kando ya barabara ameshika tama. Madereva wengine wanapiga honi utadhani kelele zitalinyanyua.

Mama Winchi anashuka bila haraka kutoka kwenye gari lake la kuvuta magari yaliyokwama. Analizunguka lori, anachungulia uvunguni, anagonga chasisi kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Kisha anamgeukia yule dereva.

"Kaka, simama, hujafiwa. Litatoka hili."

Na kweli linatoka. Waya wa winchi, mashine ya kuvutia iliyo nyuma ya gari lake, unakaza, injini inanguruma kwa sauti ya chini, na lori linapanda barabarani polepole, bila mfuko hata mmoja kudondoka. Abiria mmoja kwenye gari dogo anapiga makofi.

Askari wa usalama barabarani anampa mkono, halafu, nusu utani, anamwomba leseni. Mama Winchi anafungua zipu ya mfuko wa kifuani na kutoa karatasi iliyopigwa plastiki: kibali cha muda cha kuendesha gari, wanachopewa watu ambao leseni zao zimeisha muda wakati wakisubiri mpya.

"Soma yote, afande," anasema. "Nimeitolea jasho hiyo. Usiipitishie macho juu juu."

Amekuwa kwenye kazi hii kwa zaidi ya miaka ishirini. Jina la Mama Winchi alipewa na mafundi wa gereji, na sasa hata mume wake, fundi cherehani, humwita hivyo akitaka kumchokoza. Kwa kazi hii wamesomesha mabinti wawili na kuezeka nyumba yao.

Mwaka jana mnyororo ulikatika akiwa kazini, ukamvunja mguu. Alilala ndani miezi mingi. Siku aliyoweza kutembea bila magongo, alivaa ovaroli yake mbele ya kioo na kuitafuta leseni. Ilikuwa imeisha muda akiwa kitandani.

"Nilikaa chini," anakumbuka. "Mume wangu akadhani mguu umeuma tena. Nikamwambia, mguu mzima, mimi ndiye niliyeisha muda."

Alipofika yadi, bosi wake alicheka. Alimrushia ufunguo na kumwambia aendeshe tu. Askari wote wa barabara ile wanamjua, nani atamuuliza?

Mama Winchi aliurudisha ufunguo mezani.

"Bosi, mimi ndiye ninayeyavuta magari ya watu waliosema 'leo tu'," alimjibu. "Nimeona bima ikigoma kulipa kwa sababu leseni imekufa. Nimeona mama na watoto waliopoteza nyumba wakihamishiwa kwa ndugu. Siwezi kuyaona yote hayo halafu na mimi niseme leo tu."

Bosi hakufurahi. Alimpa ufunguo dereva mwingine, mwanamume mwenye pupa ya kazi kiasi kwamba wenzake walimwita hivyo hivyo, Pupa. Mama Winchi akawekwa dukani kuuza vipuri.

"Nilikuwa nauza plagi huku masikio yangu yako nje," anasema. "Nikisikia gari langu linaondoka, nilijua gia ipi imekosewa. Roho iliniuma, sikufichi."

Kila alipopata nafasi alikwenda ofisi ya leseni. Mara aliambiwa alete cheti cha daktari, mara apimwe macho, mara kadi zenyewe zimekwisha na haijulikani zitakuja lini. Kuhusu kibali cha muda, karani alimweleza bila kumzungusha: kwa kuwa leseni yake imekaa muda mrefu bila kuhuishwa, lazima kwanza afanye tena jaribio la barabarani. Akawekwa kwenye foleni ya kusubiri siku yake.

Ilikuwa kabla ya siku hiyo simu ilipoingia yadi. Gari dogo lilikuwa limeteleza ukingoni mwa daraja, likanasa kwenye nguzo ya chini. Ndani yake alikuwamo mwalimu mmoja, hai, asiyeweza kufungua mlango.

Pupa aliwasha gari. Bosi akamkimbilia Mama Winchi na kumsihi aendeshe yeye, mtu asije akafa.

"Mikono iliniwasha," anasema. "Lakini Pupa alikuwapo, ana leseni, ana nguvu. Alichokosa ni utulivu, na utulivu naweza kuutoa nikiwa kwenye kiti cha abiria. Nikapanda, nikamwambia, mdogo wangu, twende."

Pale darajani watu walikuwa wamejaa, kila mmoja na ushauri wake. Pupa alitaka kufunga waya kwenye bampa na kuvuta. Mama Winchi alimshika bega.

"Bampa itakubakia mkononi na mwalimu atakwenda mtoni. Teremka, tufunge kwenye ekseli ya magurudumu. Halafu usitazame watu, tazama mkono wangu."

Alisimama kwa mguu wake uliotoka kuunganishwa, mkono mmoja hewani. Kidole kikipanda, Pupa alivuta waya. Ngumi ikifungwa, alisimama. Pupa anasimulia kuwa jasho lilimwingia machoni asithubutu kulipangusa.

"Kila nikitaka kukanyaga mafuta, ngumi hiyo," anasema akicheka. "Nilimchukia kwa dakika chache. Gari lilipogusa lami nikamkumbatia mbele za watu."

Mwalimu alitoka na mchubuko wa paji la uso, akauliza aliyekuwa akiendesha ni nani. Mama Winchi alimwelekeza kwa Pupa.

Kesho yake bosi alikuja dukani mwenyewe. "Nilikuona mkaidi," alimwambia. "Kumbe nilikuwa na dereva, sikujua nina dereva wa namna gani." Siku ya jaribio ilipofika, akampeleka kwa gari lake.

Jaribio nalo lilikuwa na vituko. Kwa kuzoea kanyagio gumu la gari kubwa, Mama Winchi alilizima gari la mtahini mara mbili getini. "Nikajisemea, leo nitachekwa mpaka na watoto wangu." Alipokwisha kulizoea, aliendesha mji mzima, akarudi kinyumenyume na kuegesha kwenye uchochoro ambao mtahini mwenyewe alisita kuuingia. Kabla ya jioni alikuwa na kibali mkononi.

Kina ukomo, naye anaujua. Kadi ikichelewa, anasema, atakwenda kuomba kiongezwe kabla hakijaisha, hatasubiri kuulizwa.

Sasa yeye na Pupa wanapokezana zamu. Mipango ipo mbele: bosi ameagiza gari la pili, na kikosi cha zima moto kimemwomba awafundishe madereva wake namna ya kuvuta gari lenye mtu ndani. Mama Winchi amekubali, kwa sharti moja.

"Somo la kwanza halitakuwa waya wala ndoano," anasema, akipanda kwenye gari na kufunga mkanda. "Kila mtu ataweka leseni yake mezani, tusome pamoja tarehe ya mwisho. Iliyokufa, mwenyewe atakaa kiti cha abiria. Na nitamwonyesha kwamba hata pale mtu anaweza kufanya kazi ya maana."