Simu, Tumbawe, Kiti

Dukani kwetu Bangwe mimi ndo naposti bidhaa mtandaoni, ila mpiga picha ni mzee wa Kikongo aliyekimbia vita Fizi, na kusema ukweli ananiharibia soko. Matumbawe hai tunayouza, ya kufuga nyumbani, yanatoka Dar, yanakaa kwenye tangi lenye taa ya bluu. Ukiyapiga picha hivi hivi yanawaka kama disko, wateja wanapagawa. Yeye hataki. Anafunika kamera ya simu kwa kiplastiki angavu cha rangi ya chungwa, kikate ile bluu rangi itoke kama ilivyo, anapiga, anatazama simu, anatazama tumbawe, simu, tumbawe, mpaka shingo yake inanichekesha.

“Mzee, acha hata bluu kidogo, tupate laiki.”

“Hapana, dada. Mtu atapokea tumbawe, hatapokea laiki.”

Mkewe alivuka ziwa kurudi Fizi kumchukua mama yake, na huu mwaka wa pili kimya. Juzi watu wanaomsaidia kumtafuta waliomba picha. Anayo moja tu, aliyompiga humu dukani, kwenye kiti kando ya tangi, kabla hajajua ujanja wa kiplastiki. Uso wote bluu.

“Mama katoka kama tumbawe,” nikamtania. Hakucheka. Alipunguza bluu, akaongeza wekundu, akatazama simu, kisha kwa mazoea akainua macho kwenye kile kiti. Simu, kiti. Simu, kiti. Juu yake tumeweka ndoo.

“Dada, alikuwa maji ya kunde, ao mweusi zaidi?”

Mimi nilianza kazi hapa akiwa keshaondoka, sikuwahi kumwona. Nikaenda kuitoa ile ndoo kitini.